Neno Hasi na Fahali wa Haneti

Ndiyo wanangu, DNA ina umeme, na umeme wake umeninyima raha miaka mingi. Nianze hapo hapo, maana ninyi wanafunzi mliopanga huku Mkonze mkinikuta kibarazani mnapenda kunichokoza: "Bibi, ni kweli kazini ulikuwa unaipiga shoti DNA?" Mnacheka, mnadhani nilikuwa napanda nguzo. Sikupanda nguzo hata siku moja. Nilikuwa na tangi la plastiki dogo kuliko beseni la kuogeshea mtoto, waya mbili, na moyo unaodunda tangu naingia asubuhi mpaka nafunga mlango.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, msinitafutie dawa sasa hivi, nimeshazeeka nao. Nikibandika maharage naenda kuyachungulia kama yameungua kabla hata hayajachemka. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta kitu kisichoonekana, ndani ya maji yasiyo na rangi, kwa umeme uliokuwa ukikatika bila hodi. Mungu naye ana utani wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Uzi wa DNA, uwe wa mtu, wa ng'ombe au wa mtama, umebeba chaji hasi mwili mzima. Ukiutia kwenye maji yenye chumvi kidogo ukapitisha umeme, unakimbia kutoka upande wa hasi kwenda upande wa chanya, wala haubembelezwi. Katikati ya njia tunauwekea jeli. Tulikuwa tunaipika kama uji mwepesi, tunaimimina kwenye trei, tunachomeka kitu kama kitana ili iache vishimo, halafu tunaiacha igande. Kwenye kila kishimo unatia tone la sampuli. Vipande vifupi vya DNA vinapenya upesi, virefu vinachelewa, kama watu wanavyotoka kanisani kwa mlango mmoja: watoto wako nje zamani, kina mama wenye vikapu bado wanasukumana. Mwisho unaipaka jeli rangi maalumu, unaimulikia taa ya zambarau, na palipo na DNA panang'aa mstari. Ile rangi ni mbaya, wanangu. Msiiguse bila glavu, hata mkiambiwa na nani.

Tulikuwa tunapima magonjwa ya ng'ombe: kwanza mashine inazidisha DNA ya kijidudu cha ugonjwa peke yake, kwa hiyo ng'ombe mzima haachi mstari. Maabara yetu ilikuwa mtaa wa Kikuyu, hapa hapa mjini, nyumba ya bati yenye vyumba vichache, na aliyenifundisha yote hayo ni mkuu wetu, Dakta Shayo. Miaka ile ndiyo ile ya ruksa, serikali imefungulia biashara huria. Madukani mmejaa soda za kopo, redio kaseti na mitumba, lakini sisi wa ofisini tunagawana glavu. Wafadhili walileta mashine, wakapiga nazo picha, wakaondoka, na vipuri hawakuacha. Kifaa kikiharibika tunakazana nacho wenyewe.

Dakta Shayo alikuwa amesoma nje kwa lugha za watu, na alirudi na hasira nazo. Alisema amechoka kusoma kwa kutafsiri kichwani, na kwamba ndani ya ile nyumba ya bati kila kitu kitaitwa kwa Kiswahili. Akachukua rangi nyekundu na brashi nyembamba, akaandika kwenye tangi, upande huu HASI, upande ule CHANYA. Wageni wakija anawaonyesha yale maandishi kabla ya mashine zenyewe. Nilimpenda kwa hilo, nawaambia kweli, maana mimi nilisoma darasa la saba kwa Kiswahili na yale maneno mawili nilikuwa nayo tangu kwenye hesabu. Nilijiona niko nyumbani.

Sasa siku moja waya za tangi ziliungua, tukamwita fundi umeme wa mjini, mtu hodari kabisa. Akazikata, akaunga nyingine, nyekundu akaipeleka kusikotakiwa. Nilipomuuliza, akasema, "Dada, umeme ni umeme." Kwake ilikuwa kweli, kwa sababu umeme wa ukutani unakwenda na kurudi, haujali rangi. Wa kwenye tangi unakwenda njia moja tu. Nikawasha, nikatoka kunywa chai, nikarudi, nikamulika taa. Jeli tupu, haina mstari hata mmoja. Nikamkimbilia Dakta kwa furaha nikamwambia ng'ombe wote wa siku ile ni wazima.

"Na shahidi yuko wapi?" akaniuliza.

Shahidi ni jina alilokuwa amelipa kishimo cha pembeni, tulichokuwa tunatia DNA ya ugonjwa wenyewe makusudi. Yule lazima ang'ae kila mara. Asipong'aa, jeli tupu haimaanishi uzima wala ugonjwa, inamaanisha hujapima. Na siku ile shahidi hakuwepo. DNA yote ilikuwa imekimbia kinyumenyume, imetokea mgongoni mwa jeli, imepotelea majini.

Tangu hapo nina tabia mbili, na mkienda maabara zichukueni. Ya kwanza, ukishawasha, usiondoke mpaka uone ile rangi ya bluu tunayochanganya na sampuli imetoka kishimoni inaelekea wapi. Ya pili, tazama mapovu. Upande wenye mapovu mengi ndio hasi, hata kama waya ina rangi gani na hata kama tangi limeandikwa nini. Hayo mapovu hayajawahi kunidanganya.

Basi, ikaingia homa ya mapafu ya ng'ombe. Ninyi hamjaiona, na msiione. Ng'ombe anakohoa ameinyoosha shingo, anakonda mpaka unamwona mbavu, na akipita mmoja zizini anawaachia wenzake. Kondoa wakawekewa karantini, kisha Haneti, ng'ombe hatoki wala haingii. Aliyeonekana anao alichinjwa. Mwenye zizi alisimama pembeni akitazama, na mimi nilikuwa najua kwamba kisu kile kinafuata jibu lililotoka kwenye tangi langu.

Haneti alikuwepo mama mmoja mjane, Mama Nyemo. Zizi lake lilikuwa limejaa, na ugonjwa ulimwachia majike wawili na fahali mmoja, mweusi mwenye baka jeupe begani, anaitwa Ruksa. Jina alipewa na vijana wa pale, kwa sababu alikuwa haulizi mtu anapoona jike. Majirani wengi walikuwa hawana tena dume, na wa nje haingii kwa sababu ya karantini, kwa hiyo yule fahali ndiye aliyekuwa tumaini la kurudisha ng'ombe pale. Na alikuwa ameanza kukohoa.

Bwana mifugo wa kule aliitwa Bwana Chilewa, Mgogo mpole mwenye bidii. Alimchukua Ruksa ute wa puani, akautuma kwetu kwenye chupa ndani ya barafu. Akasema kwa redio koli kwamba mama yule hali wala halali, tumjibu mapema.

Nikaanza kupima. Umeme ukakatika jeli ikiwa nusu ya safari, na ukikatika DNA inasimama, inaanza kutawanyika kama maziwa yaliyomwagika. Dereva wetu Mzee Hamisi akafungua betri ya Landrova, akaazima nyingine kwa majirani, tukaziunganisha mstari mmoja, chanya ya hii kwenye hasi ya ile. Huyu mzee alikuwa Msandawe wa Chemba, jina la kijiji chao lina sauti ya ulimi kugonga katikati, na kila tulipojaribu kulitamka alikuwa anatuomba tuache kwa heshima ya marehemu wao. Jeli ikamaliza safari kwa betri za magari. Nikamulika. Shahidi anang'aa vizuri kabisa. Njia ya Ruksa nyeusi, safi, hakuna kitu. Sikuamini. Kesho yake nikapima upya tangu mwanzo, shahidi akang'aa tena, Ruksa akawa safi tena. Kile kikohozi kilikuwa cha vumbi au mafua yake tu, homa ya mapafu hakuwa nayo.

Dakta Shayo alifurahi mpaka akanipa mkono. Redio siku hizo zilikuwa zinakoroma, na foleni ya wanaosubiri kuitumia ni ndefu, kwa hiyo akaniandikia maneno machache ya kusoma. Nikayasoma kama yalivyo: "Fahali wa Mama Nyemo, hasi."

"Rudia," akasema Bwana Chilewa kutoka Haneti.

"Hasi. Ha, a, sa, i. Hasi."

Redio ikakoroma, kisha nikamsikia anasema taratibu, kama mtu aliyepokea msiba mdogo badala ya mkubwa: "Nimeelewa. Basi kesho, wakishakamua." Nikajua anataka kwenda kumpa mama habari njema baada ya kukamua. Nililala vizuri usiku ule, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

Asubuhi tuko kwenye chai, Mzee Hamisi akaniuliza, "Yule fahali wa Haneti majibu yake vipi?"

"Hasi," nikamwambia, natafuna andazi.

"Loo, maskini," akasema. "Sasa mnamhasi ili iweje? Pale dume si ndiye huyo huyo?"

Nilitema lile andazi. Wanangu, mimi kwa wiki nzima nilikuwa naishi ndani ya neno la hesabu na betri, nimesahau kabisa kwamba nje ya ile nyumba ya bati mfugaji akisikia hasi anamwona dume amelazwa chini. Na Bwana Chilewa ndiyo kazi aliyokuwa nayo mwaka ule, alikuwa anazunguka vijijini kuhasi madume hafifu ili wabaki wa mbegu nzuri. Amepigiwa redio na mkubwa wa mjini anamwambia, fahali wa Mama Nyemo, hasi. Amri fupi, iliyonyooka. Ya kumchinja angeipinga, lakini hii aliipokea kwa shukrani.

Nikamwambia Dakta. Tukaikimbilia redio, tukaita Haneti, tukaita tena, akapokea mhudumu wa zahanati. Akasema Bwana Chilewa ameshaondoka na baiskeli, na koleo ameliona limefungwa nyuma.

Koleo lile wengine hamlijui. Ni chuma kikubwa chenye mikono mirefu, hakichani ngozi, kinabana mshipa wa pumbu kwa ndani mpaka ukafa. Kinabana upande mmoja, halafu wa pili. Ukishabana umebana, hakuna dawa ya kurudisha.

Tulipanda Landrova sote watatu. Barabara ya Kondoa wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo, na Mzee Hamisi, ambaye siku zote alikuwa anaendesha kama amebeba mayai, aliikanyaga mpaka mlango wa upande wangu ukawa unafunguka wenyewe. Niliushika kwa mkono mmoja. Dakta Shayo alikaa mbele, mikono magotini. Tulipofika mbali akasema, bila kugeuka, "Ningeandika hana ugonjwa. Maneno mawili tu." Mimi nilikuwa namwomba Mungu maziwa yawe mengi leo, wakamue polepole, ndama wasumbue, mtu amwage ndoo. Nilikuwa namwona yule mama niliyekuwa sijawahi kumwona. Ng'ombe wake wengine walikufa kwa ugonjwa, na huyu aliyepona tunamwulia uzazi sisi, kwa uzima wake.

Kufika zizini tukakuta watu wamejaa. Ruksa yuko chini, miguu imefungwa, anahema povu limemtoka. Kamba moja ilikuwa imekatika na vijana walikuwa wanatafuta nyingine. Bwana Chilewa amechuchumaa nyuma yake, koleo mkononi, jasho linamtiririka. Mama Nyemo amesimama kwenye boma la miiba, amejifunga khanga kiunoni, ameshika shavu.

"Acha!" Dakta akapiga kelele. "Chilewa, acha hapo hapo."

Bwana Chilewa akainuka, akatusalimu kwa adabu zote. Kisha akasema, "Upande wa kushoto nimeshamaliza, mkuu. Wa kulia ndio bado, amenikatia kamba."

Dakta akauliza kama amebana sawasawa. Maskini Chilewa akadhani anakaguliwa kazi, akajibu kwa fahari kidogo kwamba amebana sawasawa kabisa. Dakta akakaa chini kwenye samadi, na suruali yake ya ofisini.

Nikamwendea Mama Nyemo. Nikamwambia shikamoo. Hakuitikia. Mnajua kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo amefika wapi.

"Nyie ndio wa mjini mnaopima?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ng'ombe wangu ana ugonjwa au hana?"

"Hana, mama. Ni mzima. Nimempima mwenyewe kwa mikono hii, nikarudia."

Alinitazama, akamtazama Ruksa, akanitazama tena. "Hana ugonjwa," akasema. "Sasa mmemwadhibu kwa kosa gani?"

Nilijaribu kumweleza. Nikaanza habari za hasi ya betri na chanya, DNA inavyokimbia, na kila neno nililotoa lilikuwa linazidi kuninyong'onyeza. Mzee mmoja akauliza kwa Kigogo, mwingine akamfasiria, na wote wakamgeukia Dakta pale chini. Aliinuka akaenda mbele ya yule mama, akasema, "Mama, neno ni langu. Nililileta mimi. Huyu binti alilisoma tu, na Chilewa alilitii." Sijawahi kumsikia mkubwa wa ofisi akisema hivyo mbele ya watu, na bado halikupunguza kitu. Mama Nyemo alimfungua fahali wake kamba yeye mwenyewe, akamwongoza hadi kivulini, Ruksa anatembea ametanua miguu ya nyuma.

Njiani kurudi Dakta akanieleza kwamba dume mwenye upande mmoja anaweza kuzalisha bila shida. Lakini upande uliobanwa ukivimba sana, joto lake linaweza kuuharibu na ule mzima. "Tungoje," akasema. Basi tukangoja. Nyie mnaosema mnangoja matokeo ya mtihani, hamjangoja kitu. Bwana Chilewa alikuwa anapiga redio kila wiki: amevimba, bado amevimba, hataki majani, ameanza kula, uvimbe unapungua. Hakusema tena neno lolote la maabara, alieleza kila kitu kirefu kama hadithi mpaka wenye foleni wakawa wanamlalamikia. Baadaye akasema Ruksa amepanda jike. Dakta akaruka. Mimi nikasema kupanda si kuzalisha, na nikarudi kwenye wasiwasi wangu. Kile alichokuwa amekiandika kwenye tangi kwa rangi nyekundu Dakta alikikwangua kwa wembe, akachora alama tu za kutoa na kujumlisha. Alikwangua akiwa peke yake, mlango umefungwa.

Mvua zikapita, mtama ukavunwa. Siku moja mchana naosha trei, mlango ukafunguliwa bila hodi. Mama Nyemo. Ametoka Haneti kwa lori la mahindi, vumbi hadi kwenye kope. Nikampa kiti, maji, nikamwita Dakta. Dakta akaja, akasimama karibu na mlango kama mtu anayetaka kukimbia.

Yule mama alikunywa maji taratibu. Akatuuliza za kazi, tukamjibu nzuri. Akatuuliza za nyumbani, tukajibu. Akauliza watoto, akauliza kama mjini mvua ilinyesha vizuri, akaangalia tangi, akaangalia taa, akauliza kama lile jokofu ni la nyama. Dakta Shayo alikuwa anajibu kila swali, na mimi nilikuwa nimeshikilia trei tupu bila kujua kwa nini. Nafikiri alijua anachotufanyia. Nafikiri alikuwa anatugawia kidogo katika kile alichokula yeye miezi yote ya kungoja.

Akaweka kikombe chini.

"Ng'ombe wana mimba," akasema. "Wote wawili. Chilewa ameingiza mkono, amekuta ndama. Nimekuja mwenyewe, msije mkasikia vingine."

Dakta Shayo akasema, "Sema tena, mama."

Akasema tena, polepole, kama anavyosemeshwa mtoto, na sisi tukamsikiliza.